Kumkabidhi mzazi simu janja, na kumwachia nafasi yake kwenye grupu la familia

Mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 11 sasa. Kutwa watu hunipa simu zao mkononi: mzee anataka nimsomee ujumbe, kijana anataka kutoa hela, mama wa makamo anataka nimwangalizie kama muamala umeingia. Nyumbani nako mimi ndiye admin wa grupu la familia la watu 34, kuanzia Mama mwenye miaka 73 aliyeko Muheza, dada yangu aliyeko Muscat, mpaka wajukuu wa sekondari. Nayaandika haya kwa wenzangu wa katikati, kwa sababu sisi ndio tunaonunua simu ya mzazi na sisi ndio tunaonunua bando la mtoto.

Kila rika liliingia kwenye simu kwa mlango wake. Mama aliingilia kwenye redio na barua. Kwake, kilichosomwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku kimetokea, na msiba ukitajwa kwenye matangazo ya vifo watu wanafunga safari. Barua nayo ilianza na salamu, ikauliza hali za wote kwa majina, ndipo ikataja shida. Sisi tuliingilia kwenye kitochi. Ujumbe mmoja ulikuwa herufi 160 na kila ujumbe una bei, ndiyo tukaandika "2po", "cjui", "xaxa", na vocha ikiisha tukabipu. Watoto wetu wameingilia kwenye video, na wengi wao kupiga simu ni jambo la dharura. Ukimfundisha mzazi kwa njia uliyojifunzia wewe atashindwa, na atadhani kosa ni lake.

Kabla simu haijafika mkononi mwake

Usiiwashe simu mpya mbele yake. Inapowashwa mara ya kwanza inauliza maswali mengi mno: lugha, akaunti, ruhusa hii na ile. Mzee akiyaona yote hayo anaingiwa na hofu ambayo utahangaika nayo miezi. Ikae kwako siku mbili uiandae.

Ongeza ukubwa wa maandishi kwenye mipangilio ya kioo, halafu ingia ndani ya WhatsApp uongeze tena, maana yenyewe ina mpangilio wake. Kwenye uso wa simu bakiza alama nne tu: kupiga, WhatsApp, kamera na redio. Majina uyahifadhi kama yeye anavyowaita watu, si kama walivyoandikwa kwenye kitambulisho. Kwa Mama mimi ni "Mwanangu wa Ngamiani", na kila jina nililiwekea picha ya uso. Zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, la sivyo bando la wiki litaisha kwa siku moja na simu itajaa. Kisha nenda kwenye faragha, uruhusu watu aliowahifadhi tu ndio wamuingize kwenye magrupu.

Liko jingine nililijua kwa kuumia. Kidole cha mtu aliyelima na kupepeta miaka 50 kimekauka ngozi, na kimezoea kukandamiza vitufe vya kitochi. Mama alikuwa akikandamiza kioo hivyo hivyo. Simu ikaelewa kwamba ameshikilia, alama zikahama, nyingine zikaondoka kabisa. Alinipigia saa kumi na mbili asubuhi: "Mwanangu, WhatsApp imetoka." Nikadhani ni bando. Nilipofika Muheza nikakaa nimtazame tu anavyogusa, ndipo nikaona. Dawa iko kwenye mipangilio ya ufikivu: kuna sehemu ya muda wa kugusa na kushikilia, weka mrefu. Kwenye simu nyingi unaweza pia kuufunga uso wa simu ili alama zisihame. Wazee wengi wanaoletewa kibandani kwangu wakiwa wameambiwa "bibi hawezi simu hizi" walikuwa na tatizo hili na si lingine.

Kuhusu lugha, simu iweke Kiswahili ikiwa mzazi anasoma. Lakini mkubaliane ndugu wote kwamba mkimwelekeza kwa simu mtataja umbo na mahali, si jina: "alama ya kipaza sauti, chini upande wa kulia." Maana mjukuu anaona Kiingereza kwenye simu yake, bibi anaona Kiswahili kwenye yake, na kila mmoja anadhani mwenzake hasikii.

Kitochi usimnyang'anye. Nitaeleza sababu nikifika kwenye pesa.

Siku ya kwanza ni sauti tu

Mwanangu alinitangulia kumfundisha bibi yake. Aliichukua simu, vidole vikaenda mbio: "Bibi, unagusa hapa, hapa, halafu hapa. Umeona?" Mama akasema ameona. Hakuwa ameona, ila alimwonea haya mjukuu. Tangu hapo nina sharti moja: simu haitoki mkononi mwa anayejifunza. Ukitaka kuonyesha, onyesha kwenye simu yako, yeye aige kwenye yake, hata akichukua dakika kumi kufanya jambo la sekunde moja.

Nilikaa naye kibarazani, sikumfundisha kuandika hata herufi moja. Nikamwambia aweke kidole kwenye kipaza sauti, asikitoe, aseme, akimaliza aachie. Ujumbe wake wa kwanza ulikwenda Muscat kwa dada, ukawa wa sekunde nne: "Halo? Halo? Mbona kimya?" Alidhani anapiga simu, akawa anangoja ajibiwe. Nikamweleza, "Mama, hii ni barua ya sauti. Unaisema, inakwenda, naye ataijibu akiipata." Neno barua ndilo lililomfungua. Wa pili ulikuwa wa dakika tatu. Alianza kwa bismillahi, akamsalimu dada, akawauliza watoto wa dada mmoja mmoja kwa jina, mafua ya mdogo, mtihani wa mkubwa, ndipo akasema anataka kujua kama ile dawa ya macho imepatikana.

Kwa familia yenye mtu Omani vois, yaani huo ujumbe wa sauti, ni kitu kikubwa. Kwa miaka mingi kupiga kwa WhatsApp huko kulikuwa hakupiti, lakini ujumbe unapita. Na Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, dada yuko kazini. Akipumzika anasikiliza.

Akishaweza kushika na kuachia, mfundishe kutelezesha kidole juu ili kujirekodi bila kushikilia, maana barua ya dakika tatu inachosha kidole. Mwonyeshe pia kwamba simu akiisogeza sikioni sauti inatoka ndogo, ya siri, na akiiweka mezani inatoka kubwa. Hili muhimu sana. Mama aliwahi kusikiliza ujumbe wa mwanawe kuhusu ugomvi wa ndoa yake mbele ya wageni, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Mambo mengine yaje taratibu, wiki kwa wiki: kupiga picha na kuituma, kisha simu ya video, kuandika mwisho kabisa ikiwa anataka. Akisema anatosheka na sauti, mwache.

Salamu, bipu na tiki za bluu

Hapa ndipo mioyo inapoumia bila mtu kukusudia. Mama akituma picha ya maua asubuhi yenye maneno ya kheri, wajukuu wanaipita. Kwao ni picha tu. Kwake ni hodi, na tiki zikigeuka bluu anajua wameiona wakanyamaza. Mtoto gani anapita mbele ya bibi yake aliyeketi kibarazani bila shikamoo? Na ujue hata ukizima tiki za bluu kwenye mipangilio yako, ndani ya grupu bado zinaonekana.

Kwa hiyo kwenye grupu letu wajukuu wanajibu. "Shikamoo Bibi" inatosha, si lazima picha. Nami niliongea na Mama upande wake, kwamba mtoto akiwa shule simu haiko naye, akijibu saa kumi jioni hajamdharau.

Bipu nayo ilituletea ugomvi. Mama anabipu mara moja akiwa na maana ya "nipigie, nina neno". Binti yangu ana miaka 17, hajawahi kubipu maishani. Anaona simu imekatika, anasema kama ni muhimu angeandika. Bibi akasema mtoto ana kiburi, mtoto akasema bibi hasemi anachotaka. Nilichowapangia ni hiki: bibi anatuma vois fupi ya kutaja jambo, mjukuu anajibu kwa vois, si kwa maandishi, kwa sababu bibi anasoma polepole na anataka kumsikia. Ujibu kwa njia uliyojiwa nayo. Aliyekuja kwa sauti, jibu kwa sauti. Aliyepiga, mpigie.

Vijana wana grupu lao dogo ambalo mimi simo, na sitaki kuwemo. Mzazi asiyeacha watoto wawe na pembe yao ya kuongelea atawakimbiza hata kwenye lile grupu kubwa.

Habari iliyopita mikono mingi

Mzee anayesambaza habari ya uongo anafanya alichofundishwa na redio: umesikia jambo la kuwaokoa wenzio, wafikishie. Yule anataka kuwalinda wanawe. Ukimkosoa mbele ya watu 34 hatasambaza tena, lakini pia hatasema tena. Mjomba wetu alitoka kwenye grupu namna hiyo. Mpwa wake alimwandikia neno moja la Kiingereza la kusema habari ile ni ya uongo, na ikatuchukua mwezi kumrudisha, kwa kwenda nyumbani kwake na kuzungumza.

Ninavyofanya mimi, nampigia yeye peke yake. Naanza na salamu, nashukuru kwamba alitufikiria, kisha namuuliza nani alimtumia. Namfundisha kutazama mishale miwili juu ya ujumbe. Mshale mmoja maana yake mtu ameuhamisha kutoka sehemu nyingine. Miwili maana yake umeshapita mikono mingi, mitano au zaidi, na aliyeuandika kwanza hajulikani. Nilimwambia Mama, "Ingekuwa redioni, ungejua ni redio gani na msomaji ni nani. Hii haina redio." Alilielewa pale pale. Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe hairuhusu kusambaza ujumbe wa mishale miwili kwa zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mara, kwa hiyo simu ikimkatalia usimwambie imeharibika. Mweleze kwa nini.

Akitaka kufuta alichotuma, mwonyeshe kufuta kwa wote. Lakini afanye yeye kwa mkono wake, asifutiwe na admin mbele ya watu.

Pesa

Laini ya pesa ya Mama inakaa kwenye kitochi, na WhatsApp iko kwenye simu janja kwa laini nyingine. Hivyo hata akibonyeza kiungo kibaya, akiba yake haiko humo. Na kitochi kinakaa na chaji siku nyingi, umeme ukikatika bado anapatikana.

Kila rika lina mtego wake, nami nauona kibandani. Mzee anatapeliwa kwa heshima na huruma. Mtu anapiga, anatoa shikamoo nzuri, anasema ni mwalimu, mjukuu ameanguka shuleni, dawa zinahitajika sasa hivi. Au unaingia ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", naye kweli alikuwa na mtu wa kumtumia siku hiyo. Mwaka juzi alikuja mzee mmoja, kofia mkononi, jasho linamtoka, anataka nimwekee laki mbili azirushe haraka. Nikamwomba akae kwanza, anipe namba ya mama wa mtoto. Tukapiga. Mtoto alikuwa darasani. Yule mzee hakusema kitu, alikaa kwenye benchi langu karibu nusu saa.

Watu wa rika langu tunanaswa na mikopo ya kwenye simu. Unapakua programu, inaomba ruhusa ya kuona majina uliyohifadhi, unakubali bila kusoma, na ukichelewa kulipa wanamwandikia ujumbe wa kukuaibisha mama yako mzazi. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ukitaka kukopa, angalia kwanza kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, na programu yoyote inayotaka majina ya watu wako iache. Vijana wao wanafuata kazi za mtandaoni zinazotaka ulipe kwanza ndipo ulipwe.

Kwa wote watatu tumeweka neno la nyumbani. Ni neno moja ambalo halijaandikwa popote na halijawahi kutajwa kwenye grupu. Anayeomba pesa kwa namba ngeni, hata sauti ikifanana, aulizwe lile neno. Na zile tarakimu sita za kufungulia WhatsApp zinazoingia kwa ujumbe hazitajwi kwa mtu yeyote, hata mimi mwanawe nisipewe. Kwenye akaunti ya WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, namba yake ya siri uiandike kwenye daftari la nyumbani. Ukipata ujumbe wa kitapeli usambaze kwenda 15040, utaulizwa namba iliyoutuma. Piga pia *106# kwenye laini ya mzazi, uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Ukikuta usiyoijua, nendeni pamoja kwa mtoa huduma ifungwe.

Msiba

Mama Mdogo, mdogo wake Mama wa mwisho, alifariki usiku, hospitalini Dar es Salaam. Watoto wake walikuwa wanahangaika na taratibu za mwili. Mjukuu mmoja, kwa uchungu wake, akaweka picha ya bibi yake kwenye stetasi, na mshumaa, na tarehe mbili. Hakuwa na nia mbaya, rika lake ndivyo linavyolia. Alfajiri Mama aliamka kuswali, akachukua simu atazame stetasi za wajukuu kama alivyozoea, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha. Akamwona mdogo wake na mshumaa. Alikuwa peke yake nyumbani. Jirani alimkuta amekaa sakafuni na simu bado inawaka mapajani.

Tangu siku hiyo familia yetu ina utaratibu, na nawaomba muwe nao kabla hamjauhitaji. Kwanza anapigiwa mtu aliye karibu na mzee, jirani au kijana wa nyumbani, aende akae naye. Asiseme kitu, afike tu. Kisha kaka mkubwa anampigia mzee kwa sauti yake, au kama Muheza inafikika, mtu anakwenda kwa miguu yake. Wazee wote wakishajua, admin anaandika kwenye grupu: nani, wapi, maziko lini. Stetasi ni baada ya hapo, na kaka mkubwa ndiye anayesema sasa ruksa. Nilikaa na wajukuu nikawaeleza kwa nini, nikawasimulia alivyokutwa bibi yao. Hakuna aliyebisha. Yule aliyeweka picha ile ndiye anayewakumbusha wenzake leo.

Mgonjwa naye asipigwe picha akiwa kitandani. Andika tu kwamba amelazwa, na wanaoweza kumwona waende.

Kuzitunza sauti

Hili la mwisho wengi huliacha mpaka simu ivunjike. Vois za mzazi zinakaa ndani ya simu. Simu ikizama majini au ikiibwa, na kama hukuweka nakala, zimekwenda. Mama sasa anatuambia kwa sauti namna ya kupika mkate wa kumimina, majina ya mababu zake wa Pangani, nani alimuoa nani. Kila nikipata ya namna hiyo naiwekea nyota, mwisho wa mwezi naziandika tarehe na mada kwenye daftari, kisha nazihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu isiyokaa ndani ya simu. Nakala nyingine iko kwa dada Muscat. Washa pia uhifadhi wa nakala ndani ya WhatsApp, uiweke ifanye usiku wakati bando ni la bei nafuu, na utumie barua pepe ambayo ndugu zaidi ya mmoja wanajua nywila yake. Ya kwanza kwenye orodha yangu ina sekunde nne.